Kafara ya Mlima wa Vichwa Viwili

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mafiga na majirani wa kuwasengenya, jua liliwaka miaka miwili bila tone la mvua. Visima vikakauka. Hata machozi yakawa haba.

Walikuwa na desturi. Mvua ikikawia, mnyama mdogo mmoja hupandishwa mlimani asubuhi, akachinjwa kileleni penyewe kabla jua halijapita utosini. Likishapita, mlima umemkataa, na aliyekataliwa hapandishwi tena.

Mwaka wa kwanza mzee Tembo, aliyeijua njia, alimpandisha kaka wa Pimbi, akamchinja. Mvua haikunyesha, na Tembo mwenyewe akafa kwa kiu. Mwaka wa pili wakamshika Pimbi mwenyewe.

Chui akabeba kisu. Nyati akambeba Pimbi mgongoni, kafungwa miguu. Wawili hao hawakuwahi kuupanda mlima ule. Pu! Pu! Pu! Kwato juu ya mawe, na ukungu mzito kama blanketi la mgonjwa.

"Mbona kimya, mwanangu?" Nyati akauliza, akihema.

"Nawahurumia, mjomba."

"Kha! Unatuhurumia sisi?" Chui akacheka. "Anayechinjwa leo nani?"

"Mimi, ami. Lakini mkinichinja mahali ambapo si kileleni, mlima utawafuata hadi vitandani mwenu."

Chui akaacha kucheka.

Walipofika juu wakamtua, pwaa! Hapo kati ya mawe Pimbi akaona shanga nyekundu. Shanga za kaka yake, alizomtungia kwa mkono wake mwenyewe. Basi ndipo hapa alipochinjwa, kileleni penyewe. Akazikalia, akaziokota polepole, akazifumbata, kilio akakimeza.

"Haya, tumefika!" Chui akanoa kisu jiweni. Kwacha, kwacha.

"Mmefika wapi, ami? Hebu tazameni kule."

Ukungu ulikuwa umepasuka. Ng'ambo ya bonde kilisimama kichwa cha pili cha mlima, cheusi, kirefu.

"Lo! Kile kimetuzidi," Nyati akasema.

"Mbebe, twende! Upesi!"

Wakashuka, wakapanda. Nyati anajikwaa kila hatua, ulimi wa Chui nje. Walipofika, wakageuka kutazama walikotoka.

"Mama yangu!" Nyati akalia. "Kile cha kwanza ndicho kirefu!"

"Wewe Pimbi! Si ulisema ni hiki?"

"Nilisema tazameni, ami. Macho ni yenu."

"Mpumbavu ni huyu Nyati!"

"Mpumbavu mimi? Nani alisema upesi?"

Wakatelemka tena, porojoo! pamoja na mawe. Walipokuwa chini bondeni, vivuli vyao vikahama upande. Jua limepita utosini.

Nyati akalala kifudifudi. Chui akaikata kamba ya Pimbi, maana aliyekataliwa hapandishwi tena. Kisha akaitazama shingo nene ya Nyati, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona unaniangalia hivyo, ndugu yangu?" Nyati akauliza.



Pimbi akarudi peke yake. Mawingu hayakuwapo. Akaingia nyumbani, akafumbua kiganja, akazihesabu shanga zile moja moja, ndipo alipolia.

Mwenye nguvu asiyejua njia, wajukuu zangu, hukikanyaga anachokitafuta akapita.