Kiboko Aliyechemsha Bahari

Paukwa!
– Pakawa!
Nyie mmekula kweli? Itikieni vizuri. Paukwa!
– Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa wanyama kando ya bahari. Mji ulikuwa na bwawa moja tu la maji ya kunywa. Mkuu wa mji alikuwa Kiboko. Kila asubuhi Kiboko aliingia bwawani, chubwi, akagaagaa mpaka adhuhuri. Maji yakamwagika, yakawa tope. Na kwa desturi ya mji ule, mkubwa akioga hasemeshwi. Wanyama wakanyamaza, wakanyamaza, mpaka bwawa likabaki dogo kama sinia.

"Maji yamekwenda wapi?" akauliza Kiboko.

"Jua kali, mzee," akajibu Kima, msaidizi wake. Mwongo mkubwa yule.

"Basi tuchemshe bahari. Mvuke tuukinge, ukipoa tunywe."

Wakapanga masufuria ufukweni. Wakakata miti, kata kata kata. Mvuke ukagonga vifuniko, ukadondoka, to, to, to. Maji yakapatikana, tusiwasingizie, na watoto wakalala bila kulilia maji. Lakini chumvi nzito iliyobaki masufuriani, ya moto, waliimwaga kwenye hori, pale bahari inapoingia nchi kavu. Kila siku wakaimwaga pale pale.

Humo horini alikaa Mama Kaa. Alikuwa amebeba mayai tumboni, maelfu. Zilibaki siku tatu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yajae, na siku hiyo lazima ayaachie majini yaanguliwe. Na samaki wa horini walikuwa wameanza kuelea matumbo juu.

Mama Kaa akapanda mjini, kwarakwara, kwarakwara. Akamkuta Kiboko bwawani, anaoga vijimaji vilivyobaki.

"Shikamoo, mzee."

Wanyama wakashika midomo. Huyu mama ana wazimu?

"Marahaba," akasema Kiboko, kwa mshangao.

"Mzee, wanangu watakufa kwa chumvi yako. Na usingechemsha bahari kama usingeoga maji ya kunywa. Wote hapa wanajua. Wanakuogopa tu."

Kiboko akamtazama Kima. Kima akajikuna kisogo.

"Ni kweli, mzee."

Kiboko akajiinua kutoka kwenye tope. Kisha akasema polepole, "Ngozi yangu ikikauka hupasuka, mama. Inauma sana. Nikaoge wapi?"

"Njoo kwetu horini. Maji ya kuoga hata yakiwa na chumvi si neno."

Wakaenda. Kiboko akatia mguu. Akautoa mbio, unamwasha kama umepakwa pilipili.

"Na wewe unakaa humu?"

"Sina kwingine, mzee."

Kiboko akalia, mkubwa mzima. Akazima moto mwenyewe. Bahari ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka, ikasuuza hori. Kule mjini wanyama wakazoa tope bwawani, wakajenga kingo, wakachimba mitaro ya kukinga mvua. Yale maji ya masufuria wakayanywa kwa kikombe kimoja kimoja mpaka mvua ilipokuja.

Siku ya bamvua Mama Kaa akajitikisa majini. Mayai mengine yalikuwa yamekufa. Akayalilia. Lakini mengi yakaanguka majini, yakapasuka, watoto wakatawanyika wadogo kama vumbi. Kiboko, ambaye sasa alioga horini, alikuwa ndani ya maji, na siku hiyo hakugaagaa. Alikaa tuli, hata kupumua alipumua taratibu, mpaka mtoto wa mwisho alipompita.

Basi ndugu zangu, kabla hamjahangaika na maji mapya, yatunzeni mliyo nayo. Na mkubwa akiyaharibu, aambiwe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia asiniombe niirudie.