Risiti ya Miwani

Mwasiti, fundi cherehani, alipeleka risiti ya miwani ofisi ya kodi ili gharama za matibabu zipunguzwe kwenye kodi yake ya mapato. Bwana Ngwilizi, afisa mwenye mvi, aliposikia ni ya miwani, akairudisha bila kuitazama.

"Miwani ni urembo, mama. Lipa kodi yote."

"Sawa, baba. Nisomee tu kifungu cha sheria kinachosema hivyo, nilipe roho yangu ikiwa safi."

Ngwilizi akafungua kitabu cha sheria ya kodi, akakisogeza mbali, akakivuta karibu, akakunja uso. Mwasiti akampa miwani yake. Afisa akaivaa, akasoma bila kukwama kwamba gharama za matibabu yote hupunguzwa.

"Kumbe urembo unatibu, baba!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ngwilizi akagonga muhuri, kisha akanong'ona, "Umeinunua duka gani?"

"Limeandikwa kwenye risiti uliyokataa kuitazama."