Nyani Aliyekwenda Kuleta Barafu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, chini ya mlima mrefu, Nyani aliishi na mkewe na watoto wao saba. Jua likawaka, likawaka, mto ukakauka. Watoto wakalia, "Maji! Maji!" Kisha wakanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomtia Nyani hofu.

Akatazama kileleni. Kweupe pe!

"Ile ni barafu," akasema. "Barafu ni maji. Naenda kuileta."

Pimbi, yule mnyama mdogo akaaye kwenye miamba ya juu, alikuwa akipita.

"Bwana Nyani, usiende. Mlima huu zamani ulitapika moto. Mawe yake yana matundu kama kitumbua. Barafu ikiyeyuka, maji hupenya humo, tiii, mpaka kwenye udongo mgumu huku chini. Hapo hukwama. Chimbeni pale penye nyasi mbichi."

"Wewe huna hata mkia," akajibu Nyani. Akachukua mfuko wa ngozi, akaondoka.

Akapanda, akapanda. Kokoto zikateleza, chakacha, chakacha. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Asubuhi jua likambabua pua. Adhuhuri mawingu yakamfunika. Alasiri ikanyesha mvua ya mawe, pa! pa! pa! Jioni baridi ikaushika mkia wake. Ncha ikawa nyeusi, ikakatika. Nyani akaitazama, akaendelea kupanda.

Siku ya pili akafika. Akavunja barafu, ka! ka! Akajaza mfuko, akageuka.

Akashuka, akashuka. Joto likaja. Mfuko ukavuja, to! to! to! Akakimbia. Ukavuja mbio. Akauziba kwa mikono, akauziba kwa tumbo. Wapi! Akaketi juu ya jiwe, akalia, maana alidhani watoto wamekufa.

Alipofika nyumbani, watoto walikuwa wakirushiana maji. Wote saba. Mkewe alikuwa na udongo mpaka mabegani.

"Mama Watoto, maji haya yametoka wapi?"

"Pale aliposema Pimbi. Tumechimba siku moja. Na wewe, Baba Watoto, umeleta nini?"

Nyani akautazama mfuko.

"Mfuko," akasema.

Mkewe akamchotea maji. Akanywa, akanywa.

Basi, wanangu, ukitaka kuujua mlima, muulize anayeishi juu yake, hata kama ni mdogo, hata kama hana mkia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haipandi tena, wala haishuki.