Nusu ya Mshumaa wa Lorcan

Hapo zamani, huko Ayalandi, kisiwa cha mvua na viazi, mjane Noreen alikuwa na watoto wanne. Mkubwa, Lorcan, alivuka bahari kutafuta kazi. Kila mkesha wa Krismasi waliobaki, Sorcha, Fergal na Nuala, walishika desturi ya wazee wao: sahani ya ziada mezani, mlango bila komeo, na mshumaa dirishani, uwake mpaka kuche. Aliye mbali akiuona, ajue wapo na wanamngoja. Kuuwasha ilikuwa kazi ya kitindamimba.

Miaka saba wakawasha. Miaka saba Lorcan hakuja. Mwaka wa nane mama alikuwa hoi kitandani, akaomba jambo moja tu: amwone mwanawe kabla hajafa.

Asubuhi ya Krismasi wakamkuta Lorcan chini ya ukuta wa zizi, amekufa kwa baridi. Nyayo zake kwenye theluji zilifika mlangoni, zikaenda dirishani, zikageuka. Aliona giza, akadhani wamekwisha wote. Wakambeba, wakamlaza kando ya kitanda. Mama akamwona, kama alivyoomba.

Sorcha akalia: "Mama, mimi ndimi niliyemuua. Mshumaa niliukata, ukazimika kabla hakujacha. Nusu niliiweka kwa ajili ya matanga yako."

Fergal akalia: "Mimi ndimi, mama. Nilitia komeo, upepo usikuumize kifua."

Nuala, kitindamimba, akalia kuliko wote: "Mimi ndimi. Nilisikia mlango ukitikiswa. Kila mwaka nakimbilia mlangoni, kila mwaka nakuta upepo. Safari hii nilichoka, mama. Nikajifunika blanketi."

Na marehemu je? Miaka minane bila barua, halafu ashindwe kupiga hodi kwa mama yake! Angekuwa hai ningemgombeza mimi mwenyewe.

Mama hakumgombeza mtu. Alisema, "Leteni hiyo nusu. Mwanangu asilale gizani. Mikono yangu haina nguvu; auwashe mwenye kosa dogo kuliko wenzake."

Sorcha akaileta. Kibiriti kikawekwa mezani, karibu na ile sahani ya ziada. Sorcha akamtazama Fergal. Fergal akamtazama Nuala. Nuala akatazama chini. Mama akangoja, akangoja, akakata roho mshumaa haujawashwa.

Haya, msiniangalie mimi, kibiriti hicho hapo. Maiti ni mbili, mshumaa ni nusu. Je, nani alistahili kuuwasha?