Siafu wa Uzi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, na jirani akimwomba jirani chumvi, Bi Pimbi aliishi juu mlimani, kwenye mawe yanayoutazama mto wa maji baridi. Pimbi mnamjua? Yule mfupi, mnono, kama sungura aliyenyimwa masikio. Haya, cheka wewe, cheka mapema. Mbele huko hakuna kicheko, kuna meno.

Bi Pimbi alikuwa mjane na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kijino. Mchana mmoja alikuwa akianika nguo juu ya mawe, Kijino akicheza nyuma yake. Ghafla, kimya! Hata vyura walinyamaza. Bi Pimbi akageuka, akamwona Chui amesimama, na Kijino yuko chini ya mguu wake.

"Mama!" Kijino akalia.

"Shikamoo, Bwana Chui," akasema Bi Pimbi. Nguo mbichi ilikuwa bado mkononi.

"Marahaba. Mtoto wako amenona."

"Hapana, Bwana, amevimba tu. Ana homa. Nyama ya mgonjwa ni chungu."

Chui akacheka mpaka magego yakaonekana. "Nyama ya pimbi nimeichoka. Ninachotamani ni trauti, samaki wale wenye madoa, wanaokaa kwenye dimbwi pale chini ya maporomoko. Lakini mimi na kuvua wapi na wapi! Nakupa siku tatu. Jua la siku ya tatu likizama sijala trauti, namla huyu pamoja na homa yake."

Akamwinua Kijino kwa ngozi ya shingo, akaruka jiwe moja, akaruka la pili, akatoweka.

Bi Pimbi hakulia. Kulia kunataka nafasi, naye hakuwa nayo. Alikimbia mtoni na mshipi wake. Akatia mnyoo, trauti hawakugeuka. Akatia panzi, wapi! Akatia tonge la ugali, wakalikwepa kama mgeni asiyealikwa. Lakini kila sisimizi alipodondoka majini kutoka kwenye tawi, chap! Trauti kameza mmoja. Chap! Kameza mwingine.

"Kumbe mnataka sisimizi," akasema Bi Pimbi. Akakamata mmoja, akajaribu kumtia kwenye ndoano. Sisimizi akakatika vipande viwili. Wa pili akakatika. Wa kumi akakatika, na jua lilikuwa linashuka.

Basi akakimbilia kwa Mnana, yule ndege wa manjano anayefuma viota vya kuning'inia. Hakuna mlimani aliyejua kufunga nyuzi kama yeye, na hakuna aliyekuwa na gubu kama yeye.

"Fundi! Fundi Mnana! Nisaidie!"

Mnana alikuwa kichwa chini miguu juu, unyasi mdomoni. "Huoni nina kazi? Hiki kiota cha tano! Vinne mke wangu kavitupa chini. Eti mlango umepinda. Sasa na hiki..."

"Chui kamchukua Kijino."

Mnana akatema unyasi. Akashuka tawi moja, akashuka la pili. "Kaa hapa," akasema, na sauti yake haikuwa na gubu tena.

Alikuwa na miiba iliyopinda, mikali, ambayo huitumia kushikiza kiota tawini. Akachukua mmoja, akachukua na uzi mweusi.

"Sisimizi wa kweli hakai kwenye ndoano. Tunamfunga wa uongo, na mwiba huu ndio ndoano yake. Tazama. Zungusha uzi huku nyuma mpaka uwe bonge. Sasa acha nafasi. Zungusha tena mbele, bonge dogo. Hapa katikati pitisha kiunyoya mara mbili, hiyo ndiyo miguu. Kaza. Kwisha!"

Kwa mdomo wa fundi ni kwisha. Bi Pimbi akashika uzi. Upepo ukivuma anasikia Kijino analia. Jiwe likiporomoka anasikia mfupa unavunjwa. Alizungusha, akazungusha, akazidi kuzungusha.

"Hiki nini?" akauliza Mnana.

"Sisimizi, Fundi."

"Sisimizi yupi hana kiuno? Huyu kombamwiko mwenye mimba!"

Bi Pimbi alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Ninaogopa, Fundi. Kila nikikaza uzi naona nakaza shingo ya mwanangu."

"Nani haogopi? Mimi mwenyewe nikimsikia Chui nasahau kuruka. Lakini unajaza kiuno kwa sababu unadhani kitakatika. Hakikatiki. Acha kiwe chembamba."

Siku ya pili yote alifunga, akatupa mtoni, trauti wakaja, wakatazama, wakampa mkia. Jioni vidole vilimtoka damu. Siku ya tatu asubuhi alifunga mmoja, akaogopa, akaacha kiuno hivyo hivyo, chembamba kama unywele. Akamtupa chini ya tawi.

Chubwi!

Mshipi ukakaza. Bi Pimbi akavuta, akateleza, akavuta tena, na trauti mnono wa madoa huyo, puu, nchi kavu! Hakusubiri hata kumtoa chambo mdomoni. Akamfunga kwenye majani ya mgomba, akapanda pangoni kwa Chui.

Kijino alikuwa amejikunja pembeni, kati ya mifupa. Yupo! Yu hai! Bi Pimbi alitaka kumkimbilia, lakini Chui alikuwa katikati.

"Lete," akasema Chui. Akamla samaki na miba yake, kwacha, kwacha. Chambo kikamtoka samaki mdomoni, kikadondoka karibu na ukucha wa Chui.

Chui akakitazama. Macho yakamtoka. Akaruka juu, kichwa kikagonga dari la pango, ngo!

"Siafu! Mwondoe! Mwondoe, nakwambia!"

Bi Pimbi alikuwa amefungua mdomo kusema, "Ni uzi tu, Bwana." Akajiuma ulimi. Akakiokota, akakificha kwapani. "Nimemwondoa."

"Alikuja peke yake? Siafu hawaji peke yao!" Chui alikuwa anahema. "Waliingia humu nikiwa mtoto. Mama alinitoa mimi. Alipomrudia ndugu yangu, alikuta mifupa." Kisha akaona aibu, akanguruma ili aifunike. "Unatazama nini? Samaki mtamu. Kesho lete mwingine, na keshokutwa, na kila siku. Siku ukikosa, unajua nitakachokula. Mtoto anabaki."

"Bwana, ulisema..."

"Nilisema nini?" Chui akaonyesha meno, yote.

Bi Pimbi akainamisha kichwa. "Hukusema kitu, Bwana."

Jioni hiyo mvua ikanyesha, na ikanyesha. Asubuhi mto ulikuwa umejaa tope, rangi ya chai ya maziwa. Bi Pimbi alisimama ukingoni, akajua. Katika maji yale trauti haoni hata pua yake, sembuse sisimizi. Leo hakuna samaki, na pasipo samaki, leo ni leo.

Ndipo akakumbuka ile ngo ya kichwa darini. Akapanda mbio kwa Mnana, maji yakimchuruzika.

"Fundi, nipe miiba yote. Safari hii si sisimizi. Nataka siafu, wekundu, wenye vichwa vikubwa. Na viuno!"

"Miiba yote? Kiota changu je? Mke wangu..." Mnana akamtazama usoni. Akakivuta kiota cha tano chini yeye mwenyewe, akaanza kuchomoa miiba. "Atasema tena mlango umepinda. Haya, funga!"

Wakafunga wote wawili kwa uzi mwekundu, mvua ikiwapiga. Bi Pimbi aliogopa vile vile, lakini viuno vilitoka vyembamba, kimoja baada ya kingine. Siafu thelathini. Akawafungasha ndani ya yale majani ya mgomba ya jana, ambayo yalikuwa bado yananuka samaki.

"Umechelewa," akasema Chui mlangoni mwa pango. "Nilikuwa nishaanza kumtia mtoto chumvi."

"Mto umejaa, Bwana. Nimempata kwa taabu."

Chui akanusa. Mate yakamdondoka. Kisha akasita. "Mbona kifurushi kinaonekana chepesi? Kifungue wewe."

Bi Pimbi akatupa jicho ndani. Nyuma ya Chui, Kijino alikuwa amefumba macho.

"Nitakifungua, Bwana," akasema taratibu, akakiinua kifurushi juu ya genge lililo mbele ya pango. "Ila mikono yangu midogo, imelowa, na samaki bado yu hai. Akiniponyoka hapa, ni bondeni moja kwa moja."

"Ebo! Usithubutu! Lete hapa, mjinga wewe!"

Chui akampokonya. Akaingiza makucha, akaingiza na pua, mpaka machoni. Mwiba wa kwanza ukamnasa mdomoni. Wa pili puani. Akainua kichwa, aone ni nini, akaona viganja vyake viwili vimejaa wadudu wekundu wanaoning'inia.

"Yaa! Siafu! Siafuuu!"

"Mungu wangu, Bwana, wamefuata harufu ya samaki!" akapiga kelele Bi Pimbi. "Usiwavute! Ukiwavuta ndipo wanazama!"

Chui akavuta, wakazama. Akajifuta uso kwa viganja, waliokuwa viganjani wakahamia mashavuni. Alibingirika, akalia kama paka aliyemwagiwa maji. Hakuna aliyewahi kumsikia Chui akilia hivyo.

Kijino akafumbua macho. "Mama, mbona siafu hawa wana nyu..."

Bi Pimbi akampita Chui mbio, akamziba mtoto mdomo. "Bwana, hao ni watangulizi tu! Kundi lenyewe liko njiani, linapanda! Ondoka kwenye nyumba!"

Kila mtu anajua, siafu wakiingia, mwenye nyumba hutoka. Chui akatoka. Aliruka mawe, akapasua vichaka, parakacha, parakacha, akashuka mlima wote na siafu thelathini usoni. Alipofika chini msituni, alimkuta Nungunungu akijikuna mchana kweupe, akamsihi amtazame.

Nungunungu akamchomoa mmoja, akamgeuzageuza. "Bwana Chui, hawa ni wa uzi. Kazi nzuri, tena wana viuno."

"Nyamaza!" akanguruma Chui, akitazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Ataenda kumwambia nani kwamba alihamishwa nyumba na uzi? Mlimani hakurudi tena.

Juu kule, Bi Pimbi alikuwa amemkumbatia Kijino. Alitetemeka mpaka mtoto naye akatikisika, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila haya, mpaka akamaliza.

Hadithi ndiyo hiyo, mwenye kuichukua aichukue: ukimwogopa mkubwa, tazama vizuri, naye ana chake anachokiogopa.