Kisu cha Mwonja Nundu

Tegeni sikio, na mkishasikia msinikimbie, nina swali.

Kondoa palikuwa na mchinjaji, Mzee Maulidi Suta, mwenye watoto watatu. Hidaya, mkubwa, alikuwa na jicho: alifanya kazi maabara, na kilichojificha kwenye damu hakikumponyoka. Zuhura wa kati alikuwa na msimamo: akisema hapana, hata baba yake alitafuta mlango. Nuhu, kitindamimba, alikuwa na wepesi, na pikipiki yake ilijua kila kichochoro.

Mzee mwenyewe alikuwa na sifa moja, na aliilinda kwa hasira: hakumuuzia mtu nyama asiyoila yeye. Kila asubuhi alikata kipande cha nundu, akakichoma mbele ya wateja, akakimeza kikichuruzika mafuta.

"Mmeona? Kama ni kibudu, nianze kufa mimi!"

Miaka thelathini hivyo. Watu walimwamini kuliko mizani.

Kisu cha kukatia nundu hiyo alikirithi kwa baba yake, tena kwa sharti. Siku ya kustaafu anapewa mtoto mmoja tu, aliyeitendea nyumba jambo kubwa kuliko wenzake. Mwenye kisu ndiye mwenye bucha. Wote watatu walikitaka, wala hawakuficha.

Mwaka jana Hidaya alimbembeleza baba yake mpaka akakubali kutolewa damu. Akarudi na kichupa.

"Baba, tazama. Haya maji yaliyokaa juu ya damu yalitakiwa yawe ya njano, yaonekane hadi upande wa pili. Yako meupe kama maziwa. Ni mafuta. Na kuna mengine usiyoyaona, kolesteroli. Inajipenyeza kwenye kuta za mishipa ya moyo, inajenga utando, njia ya damu inabanwa."

"Mimi? Ninayemwangusha fahali peke yangu?"

"Fahali hajui mishipa yako, Baba."

Siku hiyohiyo akamfikisha kwa daktari, akaandikiwa dawa.

Zuhura akapokea zamu. Vidonge kila jioni, maharage na mboga, matembezi hadi mtoni. Kazi ilikuwa kwenye nundu. Asubuhi moja alimpokonya baba yake kipande mkononi, akawageukia wateja: "Kuanzia leo Baba anaonja mnofu!"

Mchinjaji wa jirani, Mzee Sekwa, akaangua kicheko. "Suta anaiogopa nyama yake! Kibudu hicho!"

"Mnofu na nundu ni vya ng'ombe mmoja, mzee wangu. Au kwako ng'ombe hufa nusu?"

Mzee Maulidi alitamani ardhi immeze. Wateja walihama, Zuhura akasemwa sokoni kote. Hakurudi nyuma hatua moja. Mwezi ulipokwisha, wateja walirudi wenyewe.

Lakini utando wa miaka thelathini hauondoki kwa mwaka. Siku moja, bucha limejaa, Mzee alihisi kifua kinabanwa kama kimewekewa gunia la chumvi. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito.

"Kiungulia tu. Nileteeni maji."

Nuhu hakuleta maji. Alimpakia kwenye pikipiki, akamfunga mgongoni kwake kwa kitenge.

"Nishushe, mpumbavu wewe! Watu wananitazama!"

"Endelea kunitukana, Baba. Nikikusikia najua uko hai."

Hospitali daktari aliwaambia waziwazi: "Utando ulichanika, damu ikaganda juu yake. Asingepimwa, ugonjwa usingejulikana. Asingetunzwa mwaka mzima, ungechanika vibaya zaidi. Na angechelewa saa moja, mngekuja kuchukua maiti. Limekosekana moja tu, hamna baba."

Mzee amepona. Jana, sikukuu ya Idi, alitangaza kwamba anastaafu, akawasimamisha watoto wake mbele ya wateja. Kifua kilimjaa fahari, akawauliza kisu kiende kwa nani.

"Bila jicho langu msingejua mnapigana na nini," alisema Hidaya.

"Kujua hakumezi vidonge, dada," alisema Zuhura. "Matusi niliyala mimi."

"Na yule aliyekuwa anakufa," akamaliza Nuhu, "alikuwa mgongoni kwa nani?"

Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Sijapata kumpunja mtu kwenye bucha hili," alisema. "Leo nikimpa mmoja, nimewapunja wawili."

Bado amekishika kisu, na wateja wanangoja nyama. Haya, ninyi mliosikia yote: angekuwa baba yenu, mngemkabidhi nani?