Irambona Aliyekimbia

Esperansia alikuwa fundi cherehani wa Mbuba, wilayani Ngara, na ndiye aliyetunga michezo ya kikundi cha maigizo cha hapo kijijini. Shujaa wake, aliyempenda kama mboni ya jicho, alikuwa mchunga ng'ombe aitwaye Irambona. Irambona hakuogopa, hakukosea wala hakulia. Alimuua simba kwa mkuki mmoja. Wezi wa ng'ombe aliwafukuza peke yake.

Siku mchezo ulipooneshwa gulioni Kibimba, watu walianza kuondoka mmoja mmoja kabla simba hajafa. Waliobaki walipiga miayo, na wengine wakacheka. Esperansia alitahayari, akatamani ardhi ipasuke immeze. Wenzake walisema waziwazi kwamba kikundi kikiaibika tena, kila mtu atarudi shambani kwake.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Alimfuata Mama Rozalia, muuza ndizi aliyekuwa wa kwanza kuondoka.

"Shikamoo, mama. Mbona hukungoja mwisho?"

"Marahaba, mwanangu. Nilijua atashinda. Mtu asiyeweza kushindwa, nibaki kumhofia nini?"

Maneno hayo yalimchoma kama mwiba, lakini yalimwingia. Akautunga mchezo upya. Safari hii Irambona alisikia simba akinguruma, akamwacha mchungaji mwenzake na kutimua mbio. Mwenzake alipona, ila alipoteza mkono mmoja.

Danstan, aliyemwigiza Irambona, aliwaka kama moto wa nyikani.

"Mimi nikimbie mbele ya watu? Wanangu watanicheka!"

"Kimbia tu, kaka Danstan," Esperansia alimjibu. "Mimi nimekwisha kuchekwa Kibimba, na bado ninaishi."

Danstan alikubali shingo upande.

Waliigiza Nyamiaga, uwanja ukiwa umefurika. Irambona alipokimbia, watu walimzomea. Kisha alikwenda kwa mwenzake, akapiga magoti mlangoni, asifunguliwe. Akachukua jembe, akamlimia shamba. Zomeazomea ikafa.

Simba akarudi. Irambona akasimama mbele ya mlango wa mwenzake, mkuki mkononi. Jasho lililomtoka Danstan halikuwa la kuigiza.

"Usikimbie, baba! Usikimbie!" mwanamke mmoja alipaza sauti, na umati mzima ukamwitikia.

Hakukimbia. Mlango ulifunguliwa nyuma yake, na yule mwenye mkono mmoja akatoka, akasimama ubavuni pake.

Mchezo ukaishia hapo. Wengi walikuwa wakifuta macho. Tangu siku hiyo, Danstan alipopita sokoni watu walimwita Irambona, naye aliitika. Kikundi hakikuvunjika, kilialikwa hadi Biharamulo, na Esperansia akaanza kutunga mchezo mwingine. Ama kweli, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.